Gari Bubu Linalonuka Mahamri

Maow Nunow aliamini kwamba Mungu hakumpa ng'ombe wala duka kwa sababu alikwisha kumpa mdomo. Na kusema kweli ulikuwa mdomo wa haja. Uliwahi kuuza saa isiyo na mishale kwa mtu mwenye haraka zake. Uliwahi kumtoa Maow kituo cha polisi, na askari aliyemfungulia mlango akamsindikiza mpaka stendi akimbebea mfuko. Alizaliwa Islii, Nairobi, akakulia kwenye gereji akiwashikia mafundi spana, mpaka alipogundua kwamba maneno yanalipa kuliko spana na wala hayachafui shati. Tangu hapo mikono yake ikawa safi. Mikono tu, tusiongeze mengine.

Lakini mwaka ule, mwaka mmoja kabla ya mvua ya El Nino kuikata barabara ya Garissa, mdomo huo uligonga ukuta. Ukuta wenyewe alikuwa Mzee Khalif, baba yake Filsan.

Filsan alikuwa amekwenda Nairobi kujifunza cherehani. Maow akampelekea suruali iliyochanika aishone. Wiki iliyofuata akapeleka nyingine, na nyingine, mpaka Filsan akamwambia, "Kaka, suruali zako zote zinachanika mahali pamoja, tena kwa wembe." Basi hapo Maow, bingwa wa maneno, akalipa ushonaji bila kubisha bei. Alipenda, jamani. Alipenda mpaka akawa anasahau kudanganya watu. Filsan aliporudi kwao Garissa, Maow akapanda basi akamfuata, akaenda moja kwa moja kwa mzee kumposa.

Mzee Khalif alimsikiliza kwa upole, akamnywesha chai, akamwacha amalize hotuba yake yote. Kisha akasema, "Nataka ngamia. Jike. Mwenye maziwa. Aje kwa miguu yake mpaka mlangoni pangu. Sitaki ahadi ya ngamia, sitaki picha ya ngamia, na hadithi ya ngamia ndiyo sitaki kabisa."

Baya zaidi, siku chache baadaye Filsan alimwambia, macho yake yakiwa kwenye kitambaa alichokuwa akishona, kwamba kuna tajiri wa Mandera anakuja kuposa Ijumaa baada ya sala, na huyo ngamia anao mpaka hajui idadi yao.

"Kwa hiyo kabla ya Ijumaa, Maow. Nimechoka kukutetea. Nikisema una moyo mzuri, wananiuliza nimeuona wapi."

Maneno hayo yalimchoma Maow kuliko jua la Garissa, na jua la Garissa si la kuchezea.

Ndiyo maana Jumatatu ile asubuhi alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai, redio yake ya kaseti mapajani, akimuwazia ngamia, wakati geti la upande wa pili lilipofunguka likatoka gari. Lilitoka kinyumenyume. Aliyekuwa analisukuma ni Awil, mwenye nyumba, mtu mfupi, mnene, ametota jasho.

Lilikuwa gari dogo jeupe, sura yake kama friji lililotiwa magurudumu. Maow aliliangalia nyuma, akatafuta bomba la moshi. Hakuna bomba. Akaweka kikombe chini.

"Adeer," aliita kwa adabu, kama anavyoitwa mtu wa rika la baba, "mbona mzee mzima unasukuma peke yako?"

"Nasukuma bala!" Awil alijibu akihema. Akaeleza. Wazungu waliokuwa wamepanga kwake walilileta gari hilo kulijaribu kwenye joto. Halinywi petroli, linatembea kwa betri, linalala limechomekwa kwenye ukuta. Wao wameondoka, gari wamemwachia. "Halina sauti, bwana! Mke wangu anaanika nguo, anageuka, gari hili hapa! Mji mzima wanaliita Gari Bubu. Na breki yake ukikanyaga, mguu unazama kama umekanyaga uji. Limeshabomoa ukuta, limeua kuku wawili. Leo nalitupa bondeni huko."

"Subiri kwanza. Mimi ni injinia wa umeme wa magari," alisema Maow, ambaye alikuwa injinia tangu sekunde ile. "Niruhusu nilipime."

Akaingia. Akakanyaga breki mara moja, pedali ikazama mpaka sakafuni bila ubishi. Akapampu, akapampu tena, ikapanda kidogo. Hiyo ni hewa, alijiambia. Akaikandamiza akaishikilia, ikazama polepole. Hapo kuna mahali panavuja. Akashuka, akachungulia magurudumu mojamoja, akakuta tairi la nyuma kushoto limelowa kwa ndani. Akafunua boneti, kikombe cha oili ya breki kilikuwa karibu kikavu. Mambo yakawa wazi kwake. Raba ya breki ya gurudumu lile imekufa, oili imevuja, hewa imeingia kwenye mabomba. Umeme haukuhusika hata chembe. Breki za gari lile zilikuwa za mafuta, kama za gari lolote.

Hayo yalikuwa moyoni. Usoni aliweka msiba.

"Adeer, una watoto?"

"Ninao. Kwa nini?"

"Wanacheza karibu na gari hili?"

Awil akaacha kujifuta jasho. "Wanacheza, ndiyo. Kuna nini?"

"Hili ni gari la umeme. Pedali ikilegea, ujue umeme umetoka kwenye betri umekuja kukaa kwenye breki. Unapokanyaga, unakanyaga umeme. Ulikanyaga na viatu au pekupeku?"

"Na viatu."

"Alhamdulillahi," alisema Maow, akatazama mbali. "Maana siku utakayokanyaga pekupeku..." Hakumaliza. Sentensi isiyomalizika humtisha mtu kuliko iliyomalizika, na hilo Maow alilijua tangu utotoni.

Awil alirudi nyuma hatua kadhaa. "Lichukue!"

"Mimi? Hapana, adeer. Mimi nina mchumba."

"Lichukue, wallahi, lichukue! Wewe ni injinia!"

Maow akakataa, akaombwa, akakataa tena, mwisho akakubali kwa huzuni kubwa. Na ili isije ikasemwa kwamba amempora mzee, akamwachia redio yake ya kaseti. Ilikuwa redio nzuri ya Kijapani, isipokuwa ilikubali kusema pale tu ilipopigwa kofi upande wa kushoto. Jambo hilo halikuulizwa, na Maow si mtu wa kujibu asiloulizwa.

Awil naye alifunga geti haraka sana. Ningekuwa mimi, haraka ile ingenitia shaka.

Sasa Maow akabaki na gari na ugonjwa wake. Oili ya breki ilikuwepo madukani, lakini raba ya gari la ajabu namna ile Garissa nzima haikuwepo, na Nairobi pengine isingepatikana. Bila raba, utie oili usitie, yote yataishia mchangani. Ijumaa inakuja. Hapo akamkumbuka fundi wake wa zamani pale gereji, aliyekuwa akifoka, "Atakayetia mafuta ya kupikia kwenye breki nitamfukuza! Raba ikiyanywa inavimba. Ikivimba inaziba, pedali inakuwa ngumu, mwenye gari anafurahi. Halafu baada ya siku chache inaoza, na mwenye gari anakufa!"

Fundi yule alikusudia kuonya. Maow alisikia nusu ya kwanza.

Sokoni mafuta ya msaada yalijaa tele, yale ya kupikia ya makopo yanayogawiwa wakimbizi kambini Dadaab kisha yakaja mjini yenyewe kwa njia zake. Maow akachukua kopo moja. Akatia mafuta kwenye kikombe cha breki, akaikandamiza pedali kwa kipande cha mti kwa vile hakuwa na wa kumsaidia, akazunguka nyuma kufungua nati ya kutolea hewa, akafunga, akarudi kwenye pedali, akazunguka tena, mpaka kizunguzungu kikamshika. Gari akalilaza limechomekwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kesho yake asubuhi alipokanyaga, pedali ilikuwa ngumu safi. Siku chache tu, alijiambia. Mimi nahitaji siku chache tu. Na atakayelinunua, Mungu atamwangalia.

Mnunuzi alikwisha kumchagua. Kaha alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, mwenye duka la maziwa ya ngamia sokoni, na ngamia wengi ng'ambo ya daraja. Mji mzima ulijua tatizo lake. Maziwa yakija kwa mkokoteni wa punda huchelewa yakachacha, yakija kwa pikapu hunuka petroli na wateja humrudishia. Kaha alikuwa na pua isiyokosea. Alifungua mtungi, akanusa mara moja, akakwambia ngamia alikula jani gani jana. Kisomali cha Maow kilikuwa cha Islii, kina mashimo mengi, na biashara kubwa alipenda kuifanya kwa Kiswahili. Kaha alikuwa nacho cha sokoni, chenye b mara nyingi penye p, kikamtosha.

"Eeddo," Maow alimwita, kama anavyoitwa shangazi, "nimekuletea gari ambalo maziwa yakipanda asubuhi yanashuka yakidhani bado yako kwa mama yao. Hakuna moshi, hakuna petroli, hakuna kelele ya kuyatingisha."

Kaha alilitazama gari, akamtazama Maow, tena akamtazama kwa muda mrefu. "Wewe natoka wabi?"

"Nairobi, eeddo. Injinia."

"Haya injinia, niendeshe."

Wakaenda. Gari lilipita sokoni kimya kimya, mbuzi wakashtuka, watu wakasema bismillahi. Kaha alikaa wima, mtungi mapajani. Mbele ya msikiti Maow akakanyaga breki kwa mbwembwe, gari likasimama papo hapo.

"Umeona, eeddo?"

Kaha alikuwa ananusa. "Nani nabika mahamri?"

"Hoteli ile pale, bila shaka."

Wakatoka nje ya mji, kwenye tambarare isiyo na hata kichaka. Maow akakanyaga tena, gari likatulia. Kaha akanusa tena. "Haba bia nabika mahamri?"

Maow akadhani mama wa watu ana njaa. Hakujua kwamba raba ya nyuma kushoto ilikuwa bado inatoa jasho kidogo, na mafuta yale yalikuwa yanadondokea chuma cha moto na kukaangika taratibu. Aligeuza gari mpaka hotelini, akamnunulia Kaha mahamri ya moto, yamefungwa kwenye gazeti. Kaha aliyapokea, akala moja pole pole, akatabasamu. Maow akajua biashara imekwisha. Kwisha ilikuwa imekwisha, ila si yeye aliyeimaliza.

"Nataka nini kwa gari?"

"Ngamia jike, eeddo. Mwenye maziwa."

"Wewe mutu ya mji nataka ngamia ya nini?"

"Wa posa."

"Masha'Allah! Msichana ya nani?"

Mjanja hataji jina la kweli kazini. "Wa Wajir huko, eeddo. Hutawajua."

"Wajir ni mbali," alisema Kaha. "Gari nabeleka mimi kwa kasi mbaka daraja, nateremka mlima, breki nashika?"

"Inashika, eeddo. Ningempandisha mama yangu mzazi."

Kaha alitikisa kichwa taratibu, akayatia mahamri yaliyobaki kwenye mkoba. Mbele ya wauza maziwa wenzake akampa Maow ngamia mmoja mzuri, mweupe, nundu imejaa, shingoni ana chapa ya mistari miwili na ndoano. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba ndama abaki kwake mpaka Ijumaa, hajazoea njia. Maow hakuona shida. Yeye ngamia alimjua kwa mbele na kwa nyuma, basi. Ile chapa aliidhani kovu, na kwa kuwa hakutaka kumpelekea mkwe mali yenye kasoro, akaipaka grisi iliyombakia ili isionekane. Ikang'aa.

Ijumaa baada ya sala Maow alivaa shati jipya, akashika kamba ya ngamia, akaelekea kwa Mzee Khalif. Jambo la ajabu ni kwamba hakuhitaji kumwongoza. Ngamia alitangulia, akakata kona mwenyewe, akapita vichochoro ambavyo Maow hakuvijua, akafika mlangoni kwa mzee akasimama.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Maow akatafuta kwa macho tajiri wa Mandera, hakumwona. Amechelewa maskini, alijiambia, na furaha ikampanda mpaka kooni.

"Mwenye maziwa," alitangaza. "Kwa miguu yake. Na nimemfundisha njia mwenyewe, adeer, kama unavyoona."

Mzee Khalif aliinuka. Akamzunguka ngamia mara moja, akamgusa kiwele, akafika shingoni, akapitisha kidole kwenye grisi. Akakitazama kidole. Akakitazama tena.

"Ngamia mzuri," alisema. "Tena ana adabu. Ndama yuko wapi?"

"Anakuja leo leo, adeer."

"Haya. Nimempokea."

Nimempokea! Maow nusura akumbatie nguzo ya nyumba. Wazee wakasema maneno ya baraka, chai ikamiminwa. Na Mzee Khalif, akipuliza chai yake bila haraka, akasema, "Basi tumngoje bibi arusi. Yuko kwa dada yangu ng'ambo ya daraja, wamempaka hina. Dada yangu anamleta mwenyewe. Amepata gari jipya, wanasema halina moshi wala sauti."

Maow akaweka kikombe chini.

"Dada yako, adeer... anaitwa nani?"

"Kaha. Humjui? Anauza maziwa."

Ndugu msomaji, kuna watu husema wakishtuka damu huwaganda. Ya Maow ilichemka ikashuka yote miguuni. Aliona mteremko wa kuingia darajani, ule wenye kona na malori. Alijua gari la petroli ukiondoa mguu, injini yenyewe hulivuta lisikimbie. Lile dogo likiachiwa huteleza tu, halina wa kulizuia isipokuwa breki. Na breki imekunywa mafuta ya kupikia tangu Jumatatu. Ndani yake, Filsan.

Hakuaga. Alikimbia na viatu vya wageni, vyake akaviacha mlangoni.

Alipofika stendi, basi la Nairobi lilikuwa linanguruma, utingo ananing'inia mlangoni: "Nairobi moja! Moja ya mwisho! Bosi, ingia!" Hapo alisimama. Sitamficha, alisimama. Mdomo wake ulimwambia jambo la busara sana, kwamba akifika Islii usiku atakuwa na hadithi nyingine na suruali nyingine. Miguu ikakataa. Ilimgeuza kama alivyogeuzwa na yule ngamia kwenye vichochoro, ikamtupa upande wa daraja, na Maow akajikuta analia akikimbia, mtu mzima, mchana kweupe, na wala hakuona haya.

Akavuka daraja. Akaanza kupanda mteremko. Pale juu lori la mkaa lilikuwa limesimama kando, na nyuma ya lori aliona paa jeupe la Gari Bubu linashuka. Dirishani umetokeza mkono wenye hina. Aliujua mkono ule. Ulishamshonea suruali ngapi!

Akarukia katikati ya barabara, akatanua mikono, akafumba macho, akapiga kelele iliyoanzia unyayoni.

"Simameni! Vuta breki ya mkono! Breki ya mguu haina kitu, nimetia mafuta ya kupikia! Mafuta ya msaada! Raba zimeoza! Mimi si injinia! Nilimdanganya Awil, nikamdanganya eeddo Kaha, na redio pia ni mbovu! Filsan, ruka! Filsan, nimekosa, ruka!"

Wauza maziwa waliokuwa wanapanda na mitungi yao wakasimama. Utingo wa lori akasimama. Hakuna kilichomgonga. Maow alisikia tu pumzi ya moto usoni mwake, tena yenye harufu ya majani.

Akafumbua macho. Alikuwa anatazamana na punda.

Punda alikuwa amefungwa mbele ya gari kwa kamba mbili, anatembea mwendo wake wa kila siku. Ndani, nyuma ya usukani, alikaa Kaha, fimbo mkononi, kama mtu aliyezaliwa humo. Pembeni yake Filsan, amefunika mdomo kwa shungi, mabega yanatikisika. Nyuma, kwa kamba ya tatu, alikuja ndama mweupe.

"Hoo," Kaha alimwambia punda. Punda akasimama. "Umeona, injinia? Breki yangu nashika."

Maow alifungua mdomo. Mdomo ule, mali yake yote, haukutoa kitu.

"Wewe naniuzia gari nanuka mahamri," alisema Kaha, "kwa mimi! Mimi nanusa maziwa tangu sijaota meno. Mafuta ya kambi nadhani sijui? Halafu naninunulia mahamri juu yake!" Wauza maziwa wakaangua kicheko, mmoja akaweka mtungi chini kabisa ili acheke vizuri. "Na ile siku ya kwanza nimekujua. Ndugu yangu nameniambia kuna kijana ya Nairobi mdomo nyingi anatafuta ngamia."

"Lakini eeddo," Maow alisema kwa sauti ndogo, "sasa kwa nini ulinipa ngamia?"

Kaha alicheka mpaka akashika usukani. Jibu lake alilitoa kwa Kisomali, taratibu, ili hata Kisomali chenye mashimo kisilipoteze. "Chapa ile aliipiga baba yetu. Ngamia za Khalif na zangu ni zizi moja, zinachungwa pamoja. Wewe umemtoa kwangu Jumanne, umemrudisha leo, umemlisha siku zote hizo, na umempaka grisi. Kwa chapa ile usingemuuza Garissa wala Lafey kule Mandera, kila mtu angekuuliza umemtoa wapi. Nilitaka kuona tu. Mwongo tumeshamjua. Hatukujua ni mwongo wa kukimbilia wapi."

Maow akatazama chini. Filsan alikuwa ameshuka, amesimama karibu naye. Alikuwa ameacha kucheka.

"Umepita stendi?" alimwuliza.

"Nimepita."

"Basi la Nairobi lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Nilisimama kidogo, Filsan. Sitakudanganya."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu."

Filsan akakaza shungi lake. "Sasa nitakuwa na la kuwajibu wakiniuliza," alisema.

Basi posa ilisimama. Mzee Khalif alikwisha kumpokea ngamia mbele ya wazee, na neno likishatoka mbele ya wazee halirudi mfukoni. Ila Kaha naye alitoa sharti lake. Gari litengenezwe, litengenezwe kweli, na aliyeliharibu ndiye atakayelitengeneza. Kisha ataliendesha, maziwa, kila alfajiri.

"Raba nitazitoa wapi, eeddo?" Maow alilalamika. "Hazipo Kenya nzima!"

Zilikuwepo. Zilikuwa kwa Awil. Maow alipobisha geti kumwomba radhi, mzee alitoka na redio kwapani na sanduku la bati mkononi. Ndani ya sanduku mlikuwa na raba zote za breki, mpya, ambazo wazungu waliziacha pamoja na gari.

"Adeer! Ulikuwa nazo siku zote?"

"Hukuniuliza," alisema Awil. "Mimi nilisema moyoni, huyu anayeogopa umeme wa breki halafu anakalia kiti bila kutetemeka, atarudi tu. Sasa kaa chini hapo. Tengeneza redio kwanza."

Maow akatengeneza redio. Halafu akavua shati, na mikono iliyokuwa safi miaka yote ile ikachafuka mpaka viwikoni. Alimwaga mafuta ya msaada yote, akaosha mabomba kwa spiriti, akatoa raba zilizokuwa zimevimba na kulainika kama andazi lililolowa chai, akatia mpya, akajaza oili ya breki ya haki. Ikabaki kutoa hewa. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja kwenye pedali, mmoja chini ya gurudumu, na hawaonani, wanasikilizana tu.

Filsan alikaa kwenye usukani.

"Kanyaga," Maow aliita kutoka chini. "Shikilia."

"Nimeshikilia."

Akafungua nati. Kwenye mpira mwembamba mapovu yakashuka chupani. Akafunga. "Achia. Kanyaga tena. Shikilia, usiachie kabla sijakwambia, ukiachia hewa inarudi yote."

"Nimeshikilia, bwana. Wewe ndiye wa kuangaliwa."

Walianza gurudumu la mbali, wakaja la karibu, mapovu yakapungua, yakawa mojamoja, yakaisha. Oili ikatoka nyoofu. Maow alikaza nati, akajilaza mchangani, akatazama tumbo la gari. Moyo wake ulikuwa mweupe mpaka alijishangaa. Jambo moja tu lilikuwa bado linamkereketa.

"Filsan. Yule tajiri wa Mandera vipi? Hakuja kabisa?"

Juu kikasikika kiti kikilia.

"Filsan?"

"Tajiri gani?"

Maow aliinuka ghafla, akagonga kichwa kwenye chuma. "Tajiri wa Mandera! Mwenye ngamia wasio na idadi! Aliyekuwa anakuja Ijumaa!"

"Aa, yule," alisema Filsan. "Hawana idadi kwa sababu hawapo. Tulimtunga na eeddo tukinywa chai. Ungengoja mpaka nizeeke na hizo suruali zako."

Maow alibaki mchangani, ameshika paji la uso, bingwa wa Islii, mtu aliyeuza saa isiyo na mishale. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakachanganyika na oili.

"Vipi pedali?" aliuliza alipopata pumzi.

Filsan alikanyaga, akakanyaga tena kwa nguvu zake zote.

"Ngumu," alisema. "Na mimi sidanganyi kwenye breki."